Allium cernuum au Allium stellatum: kitunguu pori kipi kinafaa bustani yako?

Mtu anayeishi Minneapolis, Chicago, Columbus au Toronto, ambaye amepata nyumba yenye kiwanja kidogo mbele ya baraza na anataka kupanda mimea ya asili ya huko badala ya kukata nyasi kila Jumamosi, hukutana mapema na vitunguu pori viwili katika orodha za vitalu: Allium cernuum na Allium stellatum. Picha zake zinafanana mno. Yote miwili ina majani membamba kama nyasi, bua moja refu lisilo na jani, na kishada cha maua ya waridi kileleni. Bei hukaribiana, na maelezo mafupi chini ya picha husema karibu maneno yale yale: inapenda jua, inavuta nyuki, kulungu hawaili. Mnunuzi huishia kuchagua kwa macho, ilhali picha haimwambii mambo mawili yanayoamua, yaani maji yanakaa kwa muda gani katika udongo wake, na ni mwezi gani ambao bustani yake hukosa maua.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asiye na muda aondoke nao. Kwa bustani ya kawaida ya mjini, yenye udongo wa mfinyanzi au tifutifu na jua la nusu siku au zaidi, chagua Allium cernuum. Kwa udongo mwembamba, wenye mawe au mchanga, unaokauka haraka na kupigwa na jua kutwa nzima, chagua Allium stellatum. Kwa aliye Limuru, Arusha au Lushoto, ambako hakuna majira ya baridi ya kweli, nashauri aache yote miwili na atafute Tulbaghia violacea, mmea wa Afrika Kusini ambao nitaurudia baadaye. Kwa kuwa vitunguu hivi havina majina ya Kiswahili yaliyozoeleka, na vitalu huviuza kwa majina ya kisayansi, nitaviita cernuum na stellatum tu.

Yanayofanana hayahitaji maneno mengi. Ni mimea ya kudumu, ya jenasi moja na kitunguu maji na kitunguu saumu, na yote ni ya asili ya Amerika Kaskazini. Hufikia urefu wa sentimita 30 hadi 50, wakati mwingine zaidi kidogo, na hustahimili baridi inayofika nyuzi 30 chini ya sifuri bila kufunikwa. Majani hunuka kitunguu yakisuguliwa, na harufu hiyo ndiyo inayowafukuza kulungu na sungura, wanyama wanaoweza kumaliza bustani ya kitongoji kwa usiku mmoja. Hata hivyo, ukipita kando yake bila kuigusa huisikii harufu hiyo, kwa hiyo hofu ya kwamba mlango wa nyumba utanuka kama jiko haina msingi kwa mimea hii miwili.

Kichwa cha maua

Tofauti ya kwanza iko shingoni. Bua la cernuum hupinda chini kidogo ya kishada na hubaki limepinda muda wote wa kuchanua, hivyo maua yake hutazama chini. Kila ua ni kikombe kidogo ambacho petali zake hazifunguki kabisa, na stameni huchomoza nje ya mdomo wa kikombe hicho zikiwa na chavua ya manjano nchani. Rangi huanzia nyeupe, hupitia waridi hafifu, na kufika zambarau iliyopauka. Miche iliyotokana na mbegu za pakiti moja inaweza kutoa rangi hizo zote, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine, hasa wanaotaka mstari wa rangi moja kando ya njia, huliona kero. Baada ya maua kunyauka hutokea jambo ambalo picha za orodha hazilionyeshi: vikonyo vilivyokuwa vinaning'inia hukakamaa na kujipinda kuelekea juu, kila kimoja kikibeba tunda dogo, na tunda hilo likikauka hupasuka na kuacha mbegu nyeusi zinazong'aa zionekane ndani. Kichwa kikavu cha namna hiyo hupendeza mpaka theluji ya kwanza, nami sioni sababu ya kukikata isipokuwa ile nitakayoitaja kwenye habari ya mbegu.

Stellatum humdanganya anayekwenda kununua mwezi Julai. Kitumba chake nacho huinama kabla ya kufunguka, hivyo vyungu viwili vikiwekwa pamoja kabla ya kuchanua, mtu asiyesoma kibandiko anaweza kuapa kwamba ni mmea mmoja. Siku za kuchanua zikifika, bua hunyooka na kishada husimama wima, kikiwa nusu tufe la maua yaliyofunguka kabisa kwa umbo la nyota, na mara nyingi waridi yake ni iliyokolea kuliko ya cernuum. Mwenye kutaka uhakika zaidi aangalie kitunguu chenyewe, ikiwa muuzaji ataruhusu chungu kikung'utwe: vitunguu vya cernuum ni vyembamba, vimechongoka kuelekea shingoni na hukaa vingi pamoja katika fungu lililobanana, ilhali vya stellatum ni vya mviringo zaidi, vinakaribia umbo la yai, na huwa vichache.

Umbo la kichwa linaamua mahali pa kupanda kuliko watu wanavyodhani. Ua linaloinama halina maana likipandwa katikati ya kitanda kipana mita 4 kutoka njiani, kwa sababu anayepita huona migongo ya maua tu. Cernuum inastahili kuwekwa ukingoni, juu ya ukuta mfupi wa mawe, au kando ya ngazi, mahali ambapo jicho linalikuta ua kwa usawa au kutoka chini kidogo. Stellatum huonekana vizuri kutoka mbali na inaweza kukaa ndani zaidi, ikichomoza kati ya nyasi fupi. Kwa wadudu, zote mbili ni chakula kizuri. Nyuki wakubwa wenye manyoya hujining'iniza chini ya vikombe vya cernuum bila shida, lakini kipepeo anayehitaji mahali pa kutua hustarehe zaidi kwenye kichwa cha stellatum kilicho wazi.

Udongo na maji

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, na hapa ndipo maelezo ya vitalu huwa mafupi kupita kiasi. Cernuum ndiyo inayoenea kwa upana kuliko vitunguu vyote vya asili vya Amerika Kaskazini: ipo British Columbia upande wa Pasifiki, ipo New York upande wa mashariki, na inashuka kwa njia ya milima mpaka Meksiko. Katika eneo lote hilo hukua kwenye mbuga zenye unyevu, kwenye miteremko ya mawe, na kwenye misitu iliyo wazi ambako jua hufika kwa vipande. Mmea wenye makazi ya aina nyingi namna hiyo huvumilia mengi, ukiwemo udongo mzito wa mfinyanzi ambao wajenzi wa nyumba huuacha baada ya kukanyagwa na mitambo. Upana huo huo una tahadhari yake. Cernuum iliyozaliwa na mbegu za Milima ya Rocky haiwi na tabia sawa na ile ya mbuga za Illinois, hata kama jina kwenye kibandiko ni moja, na mnunuzi anapaswa kumwuliza muuzaji mbegu zilitoka wapi. Kitalu kizuri cha mimea ya asili hujibu swali hilo bila kusitasita.

Stellatum ina makazi finyu zaidi. Ni mmea wa katikati ya bara, kuanzia Saskatchewan, Manitoba na magharibi mwa Ontario, kupitia Minnesota, mpaka Texas. Katika eneo hilo hupenda mbuga kavu zenye mawe na ardhi nyembamba juu ya mwamba wa chokaa, kama zile sehemu za wazi zilizo kwenye vilima vya Ozark huko Missouri, ambako udongo haufiki hata kina cha jembe na miti imeshindwa kukua. Haiogopi ukame wala jua. Kinachoiua ni maji yanayokaa, hasa yale ya mwisho wa majira ya baridi, theluji inapoyeyuka juu huku ardhi ya chini ikiwa bado imeganda na maji hayana pa kwenda. Vitunguu huoza kimyakimya, na mwenye bustani hufikiri kwamba baridi ndiyo iliyoviua.

Kipimo cha kutofautisha ni rahisi na hakigharimu kitu. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 kwa saa, udongo wako hautoi maji vizuri, na stellatum haitadumu hapo hata ukiipenda vipi. Wapo wanaojaribu kurekebisha mfinyanzi kwa kumwaga mchanga juu yake, lakini mara nyingi matokeo huwa ni ardhi ngumu kuliko ile ya mwanzo. Ni heri kuinua kitanda kwa changarawe na udongo mwepesi, au kukubali cernuum. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu aliyezoea kulima sukuma wiki huja na mboji ndoo kwa ndoo, akidhani anausaidia mmea. Vitunguu hivi vikilishwa kupita kiasi hurefuka, hulegea na kulala chini kabla ya kuchanua, na stellatum ndiyo inayoathirika zaidi.

Jambo moja lililonishangaza linahusu mapaa yaliyopandwa mimea, yale ambayo miji kama Chicago imeyahimiza kwa miaka mingi. Kwa jinsi nilivyoeleza makazi yake, mtu angetarajia cernuum ishindwe juu ya paa lenye udongo wa sentimita chache tu. Watafiti wa Michigan State University, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2005, walipanda aina 18 za mimea ya asili ya jimbo lao kwenye majukwaa ya kuigiza paa. Aina nne tu ndizo zilizoonekana kufaa kwa paa lisilomwagiliwa, na cernuum ilikuwa mojawapo, pamoja na Coreopsis lanceolata, Opuntia humifusa, ambayo ni kakati, na Tradescantia ohiensis. Kwa hiyo uvumilivu wake kwa ukame si mdogo. Kinachoipa stellatum nafasi kwenye ardhi kavu si kwamba cernuum itakufa hapo, bali ni kwamba stellatum itachanua vizuri zaidi hapo, na itakuwa imewekwa katika ardhi iliyo yake.

Kwa walio Minnesota, ambako Waswahili na Wakongomani wameongezeka, kuna hoja ya ziada. Stellatum ni ya kawaida katika mbuga za jimbo hilo, ilhali cernuum ni adimu kiasi cha kuwekwa kwenye orodha ya jimbo ya mimea iliyo hatarini. Kununua cernuum ya kitalu hakuna kosa lolote, lakini kung'oa porini ni jambo jingine kabisa. Anayetaka bustani inayofanana na ardhi inayomzunguka ataridhika zaidi na stellatum, mradi udongo wake ukubali.

Kalenda

Cernuum huanza kuchanua mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai na kumaliza ndani ya Agosti. Stellatum huanza pale mwenzake anapokaribia kumaliza, mwishoni mwa Julai au Agosti, na katika maeneo mengine huendelea mpaka Septemba. Wiki hizo chache zina thamani kubwa. Julai bustani nyingi za huko hujaa maua, na cernuum hushindana na mengi. Mwishoni mwa Agosti rangi zinazotawala ni manjano na kahawia, na waridi ya stellatum haina mshindani. Kama bustani yako ina echinacea na rudbeckia za kutosha katikati ya majira ya joto, nadhani pesa yako itafanya kazi zaidi kwa stellatum.

Lakini hali ya majani hugeuza mizani. Majani ya cernuum hubaki kijani wakati wa kuchanua, na fungu lake huonekana nadhifu tangu machipuko mpaka mwisho wa msimu. Majani ya stellatum mara nyingi huanza kunyauka nchani, na hata kukauka kabisa, maua yanapofunguka, hivyo ukiipanda peke yake ukingoni mwa njia utabaki na mabua yaliyochomoka kwenye majani ya rangi ya nyasi kavu. Dawa yake ni jirani. Ipande kati ya nyasi fupi za asili kama Bouteloua curtipendula au Sporobolus heterolepis, ambazo majani yake hufunika aibu hiyo na kusimamisha mabua yasiangushwe na upepo. Asiyetaka kujishughulisha na nyasi, na anayetaka ukingo safi kama ule ambao watu wa nyumbani huupanga kwa matofali yaliyolazwa upande, basi cernuum.

Mbegu, kuenea na gharama

Mbegu za mimea yote miwili hazioti mpaka zipitie baridi yenye unyevu kwa takriban siku 60. Njia ya uvivu, ambayo pia ni nzuri, ni kuzimwaga juu ya udongo mwezi Novemba, kuzikandamiza kwa kiganja bila kuzifukia kwa kina, na kuiachia theluji ifanye kazi yake. Njia ya pili ni kuzichanganya na mchanga uliolowa kidogo ndani ya mfuko, kuandika tarehe juu ya mfuko, na kuuweka kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha, kuanzia mwezi wa pili. Miche inayotoka hufanana na uzi wa kijani, na mpaliaji mwenye haraka huing'oa akidhani ni nyasi. Kabla ya kung'oa, ponda ncha moja na kuinusa. Maua ya kwanza yasitarajiwe kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

Kwa kuenea, cernuum ni mwepesi zaidi. Fungu hunenepa kila mwaka na linaweza kugawanywa kwa jembe mapema katika machipuko, na mbegu zake zikianguka kwenye udongo mtupu huota kwa wingi. Kwa mwenye kiwanja kikubwa hiyo ni zawadi. Kwa mwenye kitanda cha mita 2 inaweza kuwa kazi ya kung'oa miche kila mwaka, na hapo ndipo nashauri vichwa vikatwe matunda yanapoanza kupasuka, ama matandazo yaenezwe ili mbegu zisiguse udongo. Stellatum huongezeka polepole na ni nadra kuleta usumbufu. Anayenunua miche michache akitaka ijaze nafasi ndani ya miaka mitatu atafika haraka kwa cernuum. Anayetaka idadi ibaki ile ile atapumzika na stellatum.

Jikoni

Wasomaji wengi watauliza swali hili kabla ya yote hayo niliyoandika: je, vinaliwa? Vinaliwa vyote viwili, majani, maua na vitunguu. Historia ya cernuum katika chakula ni ndefu. Watu wa asili wa bara la ndani la British Columbia, wakiwemo Secwepemc na Nlaka'pamux, walikuwa wakivipika kwenye mashimo. Shimo lilichimbwa, mawe yaliyopashwa moto yakawekwa chini, yakafuata matabaka ya majani na vitunguu, maji kidogo yakamiminwa ili kutoa mvuke, kisha udongo ukafunika yote kwa saa nyingi. Vitunguu vya jenasi hii huhifadhi nguvu zao kwa namna ya fruktani, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya vizuri, na joto la muda mrefu huivunja kuwa sukari. Kilichotoka shimoni kilikuwa cheusi, laini na kitamu, na anayekaanga vitunguu vya pilau polepole mpaka viwe rangi ya kahawa anaweza kukisia mwelekeo wa ladha hiyo. Wacherokee, upande wa mashariki, waliitumia cernuum kwa mafua na kikohozi cha watoto.

Pamoja na historia hiyo, simshauri mtu anunue yeyote kati ya hawa wawili kwa ajili ya jiko. Kitunguu chenyewe cha cernuum ni chembamba kama kidole cha mtoto, na kukichimba ni kuua mmea ulioulipia. Majani yana ukali unaokaribia kitunguu kibichi na kidogo ladha ya saumu, na yakikatwakatwa yanafaa juu ya mayai au ndani ya kachumbari, ila ukiyavuna sana mwaka huu hutapata maua mazuri mwaka ujao. Maua ndiyo ninayoyapendekeza, kwa sababu kuchukua kishada kimoja hakudhuru fungu. Vuta maua mojamoja kutoka kwenye vikonyo na uyanyunyize juu ya saladi au viazi vya kuchemsha wakati wa kupakua, kwani moto huyanyang'anya ladha. Anayetaka majani ya kukata kila wiki atafute Allium schoenoprasum, kitunguu kinachokua porini Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, chenye maua ya zambarau ya kupendeza mwezi Mei na Juni, ambacho hukatwa na kuchipua tena msimu mzima.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, usivune kitunguu pori ambacho hukukipanda mwenyewe. Katika mbuga zile zile za stellatum hukua Anticlea elegans, na upande wa magharibi Toxicoscordion venenosum, mimea yenye sumu kali ambayo majani na vitunguu vyake hufanana na hivi kabla ya kuchanua. Haina harufu ya kitunguu, na hicho ndicho kipimo, lakini kipimo hicho kina mtego: ukishaponda majani ya kitunguu halisi mara moja, vidole vyako vitanuka saumu kwa muda mrefu, na kila jani utakalolishika baadaye litaonekana kupita mtihani. Pili, jenasi nzima ya Allium ni sumu kwa paka na mbwa, kwa kuwa ina kemikali zinazovunja chembe nyekundu za damu zao. Mbwa mwenye tabia ya kufukua kitanda kila kitu kinapopandwa ni sababu ya kutosha ya kuahirisha ununuzi.

Vingine vitakavyokutamanisha

Muuzaji anaweza kukuelekeza kwa Allium canadense. Kikatae. Badala ya maua mengi, kishada chake hubeba vitunguu vidogovidogo vinavyoanguka na kuota, na baada ya misimu michache utakuwa unapalilia gugu ulilolinunua. Allium tricoccum ni habari tofauti: hukaa kwenye kivuli cha msitu, majani yake mapana hutoka mwanzoni mwa machipuko na kutoweka kabla ya maua, na huchukua miaka mingi kutoka mbegu mpaka kuchanua. Kwa sababu ya kuchimbwa mno kwa ajili ya chakula, Quebec ilikilinda mwaka 1995, ikapiga marufuku biashara yake na kuruhusu vitunguu 50 tu kwa mtu kwa mwaka. Kama kiwanja chako chote kiko chini ya miti mikubwa, hicho ndicho kitunguu pori cha kufikiria, na nunua kilichooteshwa na kitalu.

Halafu kuna vilivyozalishwa na wataalamu wa maua. Allium 'Summer Beauty', kinachoonekana kwa wingi katika Lurie Garden mjini Chicago, na Allium 'Millenium', kilichotangazwa mmea wa kudumu wa mwaka 2018 na chama cha wakulima wa mimea hiyo cha Marekani, vina majani manene yanayong'aa, maua mengi, na mbegu chache sana au hakuna. Kwa uzuri mtupu na usafi wa kitanda, vinashinda vyote viwili ninavyovilinganisha. Asili yake ni vitunguu vya Ulaya na Asia, kwa hiyo aliyeanza safari hii kwa nia ya kurudisha mimea ya mahali hapo atakuwa ameiacha nia yake kitaluni, ingawa nyuki hawatamlalamikia.

Kwa aliye Afrika Mashariki

Cernuum na stellatum ni mimea ya majira ya baridi. Mbegu zake zinangoja baridi ili ziote, na mzunguko wake mzima wa mwaka umepangwa kuizunguka baridi hiyo, hivyo kuzileta Nairobi au Mbeya ni kujitafutia kazi, na kuzileta Tanga au Mombasa ni kutupa pesa. Tena, mbegu na vitunguu haviingizwi nchini ndani ya sanduku la nguo. Kenya hudhibiti uingizaji wa mimea kupitia KEPHIS na Tanzania kupitia TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, na bila kibali cha kuingiza pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, mzigo unaweza kuzuiwa na kuteketezwa.

Tulbaghia violacea hutoa karibu yote ambayo mtu angeyatafuta kwa hao wawili. Ni ya familia moja nao, asili yake ni Eastern Cape na KwaZulu-Natal, majani yake ni membamba na hubaki kijani mwaka mzima, na maua yake ya zambarau hafifu yaliyosimama kwenye bua refu hutoka kwa miezi mingi badala ya wiki tano au sita. Hugawanywa kwa mkono tu, na fungu moja lililonunuliwa leo linaweza kuwa ukingo mzima wa njia baada ya mvua za misimu michache. Inataka jua na udongo usiotuamisha maji, huvumilia kiangazi, na majani na maua yake huliwa huko kwao. Wazulu wamekuwa na desturi ya kuipanda kuzunguka nyumba ili kufukuza nyoka. Upungufu wake ni ule ambao vitunguu vya Marekani havina: hunuka saumu hata ikiguswa kidogo na nguo, na ikipandwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, au kwenye kona ambayo watoto hupita wakikimbia, harufu itaingia ndani. Iweke kwenye uzio au kando ya njia ya gari.

Kwa upande wa vipimo vya kupanda, cernuum na stellatum zote mbili hupewa nafasi ya sentimita 20 hadi 30, katika makundi yasiyopungua miche mitano, kwa kuwa mche mmoja mmoja hupotea machoni. Wakati mzuri ni machipuko, baada ya ardhi kuyeyuka, au Septemba, ikiwa zimebaki wiki kadhaa za kuotesha mizizi kabla ya barafu. Na mwenye kiwanja chenye mteremko hahitaji kuchagua kabisa: aweke stellatum juu, ambako maji hukimbia na udongo ni mwembamba, na cernuum chini, ambako unyevu hukaa, naye atakuwa na waridi tangu Julai mpaka Septemba kwa gharama ya miche kumi.